Mkono Haukataliwi: Sigara na Adabu ya Dansi Dodoma

Kundi letu la dansi hukutana jioni za Ijumaa katika ukumbi mmoja ulioko Area D, hapa Dodoma, na tangu nijiunge nalo sijaona jambo lililotugawa kimyakimya kama sigara. Tumebishana waziwazi kuhusu michango, kuhusu viatu vinavyochuna sakafu, kuhusu nani achague muziki na kama kizomba kina nafasi katika usiku uliotangazwa kuwa wa rumba. Mabishano hayo yote yalisemwa, yakasikilizwa, yakaisha. Suala la wanaovuta na wasiovuta halikuwahi kusemwa kwa namna hiyo. Lilionekana tu kwa dada anayekumbuka ghafla kwamba viatu vinambana pindi mwanamume fulani anaponyanyuka kutoka mezani kwake, au kwa mzee anayemumunya peremende mfululizo usiku kucha bila kumweleza mtu sababu. Ninaandika kwa sababu naamini ukimya huo unatuumiza, na kwa sababu naamini kwamba kinachoulinda ni adabu yetu ya dansi, ile inayosema kwamba mkono ulionyooshwa haukataliwi.

Kwa wasiotujua, wengi wetu ni watumishi wa umma waliofika hapa baada ya Serikali kuanza, mwaka 2016, kuutekeleza kwa dhati uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Wapo pia wauguzi, wahadhiri, wafanyabiashara wa Majengo, na wastaafu waliokuwa hapa tangu mji ulipokuwa unajulikana zaidi kwa stesheni ya reli na zabibu. Tunacheza rumba, chacha na bolero. Wachache wetu tunaipenda walsi na foksitroti. Na vijana wametuletea salsa na bachata. Baadhi yetu, nikiwemo mimi, huwafundisha maharusi hatua za kufungulia muziki siku ya sherehe, kazi ambayo kamati za harusi za mji huu hazijaacha kutupatia.

Wazee wetu ndio wanaoweza kueleza vizuri zaidi jinsi sigara ilivyoingia ukumbini, kwa sababu wao waliikuta ikiwa ndani tayari. Dansi la kushikana, lenye asili ya Ulaya na Marekani, lilienea katika miji ya Tanganyika kuanzia miaka ya 1930 kupitia vilabu vya vijana waliosoma, na lilikuja pamoja na mambo yake yote: tai, viatu vya kung'arishwa, meza ndogo zenye vitambaa, na sahani za majivu juu ya vitambaa hivyo. Zilipofika siku za bendi kubwa, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz na mtindo wake wa Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata yao, sigara ilikuwa imeshakuwa sehemu ya mavazi. Mzee mmoja wa kundi letu, aliyefanya kazi reli hadi kustaafu, aliwahi kuniambia kwamba kijana wa miaka ya 1970 aliyeingia ukumbini na suruali ya bugaluu, pana miguuni, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, lakini bila pakiti iliyochungulia kwenye mfuko wa shati, alijiona hajakamilika. Kuombana kiberiti kulikuwa njia ya heshima ya kuanzisha mazungumzo na mtu usiyemfahamu. Kumwashia mwenzako sigara kulikuwa ukarimu. Nimemsikiliza mzee huyu kwa makini, na siyachukulii maelezo yake kama utetezi wa jambo baya. Anaeleza ulimwengu ambamo moshi ulimaanisha kwamba mtu ameacha kazi za mchana na sasa yuko mahali pa starehe.

Maana hiyo bado ipo, hata kama bugaluu zimepotea. Kwa kadiri ninavyowaona wenzangu wanaovuta, na wengine ni marafiki zangu wa karibu, wengi hawavuti sana nyumbani wala kazini. Mmoja anakaa juma zima bila sigara hata moja, kisha Ijumaa ananunua moja moja kwa kijana anayeuza karanga, pipi na sigara nje ya geti. Sababu wanazozitaja zinafanana. Muziki unaposimama, mtu asiye na mwenzi pale mezani hajui afanye nini na mikono yake, na sigara inampa shughuli ya dakika tano. Bia inaamsha hamu yake. Kule nje, karibu na geti, ndiko yanakozungumzwa mambo ambayo hayazungumzwi ndani: nani amehamishwa, nani amepata mchumba, bendi gani inakuja. Kwa mwanamume mwenye haya, na dansi la wawili huvutia wanaume wenye haya kuliko watu wanavyodhani, kutoka kwenda kuvuta ni ruhusa ya kuondoka ukumbini bila kuonekana ameshindwa kumwomba mtu wacheze. Anayetaka kuzungumza na wachezaji juu ya sigara bila kulijua hilo atakuwa anazungumza peke yake.

Ipo pia imani ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nahitaji kuijibu: kwamba mcheza dansi hutoa jasho, na jasho hutoa sigara. Haitoki hivyo. Moshi wa sigara una hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Sehemu ya himoglobini iliyobeba hewa hiyo haiwezi kubeba oksijeni kwa wakati huohuo, na mtu aliyekaa tu huchukua saa kadhaa kupunguza nusu ya kiasi alichovuta. Nikotini nayo huongeza mapigo ya moyo na kuibana mishipa ya damu. Kwa hiyo mtu anayevuta sigara katikati ya seti mbili za nyimbo anarudi sakafuni moyo wake ukiwa umeshaanza kwenda mbio, huku damu yake ikiwa imepunguziwa uwezo wa kulisha miguu, na hali hiyo itamfuata mpaka ukumbi ufungwe. Jasho halina njia ya kuiondoa.

Mtu anayecheza bolero moja na kwenda kuketi huenda asiione tofauti. Aliyejifunza walsi ya Vienna ataiona, kwa kuwa mwendo wake ni vipimo 58 hadi 60 vya muziki kwa dakika, kila kimoja chenye mapigo matatu, karibu mara mbili ya walsi ya polepole, na hauna mahali pa kupumulia ila pale ulipopangwa. Katika mashindano, wachezaji huingia sakafuni kwa dansi tano mfululizo, kila moja ikichukua takriban dakika moja na nusu hadi mbili, na mapumziko kati yake ni mafupi mno. Shirikisho la Dunia la dansi la mashindano lilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1997, na wachezaji wake hupimwa dawa kama wanariadha wengine. Nikotini haijapigwa marufuku katika michezo, lakini tangu mwaka 2012 Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli limeiweka katika orodha ya vitu vinavyofuatiliwa. Naongeza kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Urefu huo si wa kutisha, lakini wageni kutoka Pwani hukiri wenyewe kwamba wimbo wa tatu huwakuta hapa wakihema mapema kuliko walivyozoea.

Yote hayo yanamhusu anayevuta, na angekuwa anacheza peke yake ningeweza kumwachia mwili wake na uamuzi wake. Dansi letu halichezwi peke yake.

Anayeongozwa katika rumba ya kumbi zetu huwa na paji la uso wake karibu na kidevu au shavu la anayeongoza. Kila pumzi anayoitoa kiongozi humpitia usoni, na kwa kuwa wote wawili wanafanya kazi ya mwili, wanapumua kwa nguvu kuliko watu waliokaa. Walsi iliyofundishwa vizuri ina nafuu kidogo, kwa sababu kila mmoja huelekeza kichwa upande wake wa kushoto na pumzi hupita juu ya bega la mwenzake. Lakini hata hapo pua ya mwanamke huwa karibu na koti, na koti limebeba moshi kuliko mdomo. Watu huhangaika na midomo yao. Wanatafuna karafuu, wanamumunya peremende, wanapulizia manukato shingoni. Kinachosahaulika ni kwamba harufu inaendelea kutoka mapafuni muda mrefu baada ya sigara kuzimwa, na kwamba chembe za moshi hukaa kwenye nywele, vidole na kitambaa cha nguo, zikisubiri joto la mwili liziamshe. Manukato juu ya moshi hutengeneza harufu ya tatu, na kwa wenye pumu harufu hiyo ya tatu huwa mbaya kuliko zile mbili zikiwa mbalimbali.

Wenye pumu si wachache katika mji huu. Mtu yeyote aliyeishi Dodoma miezi ya Septemba na Oktoba anajua vumbi letu, na anajua watu wanaotembea na dawa ya kuvuta kwenye mkoba. Mmoja wao ni mwenzi ninayempenda kuliko wote katika foksitroti, na kuna usiku kadhaa ambapo aliondoka mapema akisema ana kikao asubuhi.

Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya watu wazima nchini walikuwa wanatumia tumbaku ya aina fulani: asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake. Naomba takwimu hizo zisomwe kwa jicho la mtu aliyesimama ukumbini. Nchi yetu haina wavutaji wengi ikilinganishwa na nyingi za Ulaya na Asia, na wengi wa walio nao ni wanaume. Katika dansi la wawili, kwa desturi yetu, mwanamume ndiye anayeomba na mwanamke ndiye anayeombwa. Kwa hiyo mzigo wa moshi unaangukia upande ambao hauvuti na ambao pia haukupewa sauti ya kukataa. Mwanamke akikataa mkono mara moja, atasikia kwamba anaringa. Akikataa mara mbili, ataketi usiku mzima, kwani wanaume wengine nao wameona. Nimefundisha wasichana wengi hatua za chacha. Ninasikitika kwamba somo la kukataa kwa heshima halimo katika yale tunayofundisha, wakati somo la kukubali kwa tabasamu huwa la kwanza.

Ndiyo maana nimevutiwa sana na desturi moja ya wacheza tango wa Buenos Aires. Katika kumbi zao za jadi mwanamume haendi hadi mezani kwa mwanamke na kumnyooshea mkono mbele ya watu. Anamtazama akiwa mbali. Mwanamke akimtazama na kuitikia kwa kichwa kidogo, wanakutana sakafuni. Akigeuza macho, jambo limeishia hapo na hakuna aliyeaibika, maana hakuna aliyeona. Desturi hiyo ina uzito wa pekee kwao kwa sababu nyimbo hupigwa kwa mafungu ya tatu au nne, na heshima inamtaka mtu abaki na mwenzi mmoja mpaka fungu liishe. Dakika kumi au zaidi kifuani kwa mtu si muda mdogo, hivyo wamempa kila mmoja njia ya kuchagua kabla haujaanza. Kumbi hizohizo zilikuwa maarufu kwa moshi mzito mpaka sheria ya jiji hilo ilipoanza kuuondoa mwaka 2006 katika maeneo ya umma yaliyofungwa. Tango haikufa. Watu walitoka kuvuta barabarani, wakarudi, wakacheza. Ireland ilikuwa imetangulia mwaka 2004 kwa kuondoa moshi katika sehemu zote za kazi zilizofungwa, zikiwemo baa, na England ilifuata tarehe 1 Julai 2007, ukiwemo mji wa Blackpool ambao tamasha lake la dansi, lililoanza mwaka 1920, linaheshimiwa na kila anayecheza walsi duniani. Huko nako wacheza dansi hawakupungukiwa na chochote.

Sisi hatuhitaji kusubiri sheria, kwa maana tunayo. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilipitishwa na Bunge letu mwaka 2003, na inazuia kuvuta katika maeneo ya umma na kuwauzia sigara walio chini ya miaka 18. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Udhaifu uliopo ni kwamba sheria ya 2003 inaruhusu kutengwa kwa sehemu za wavutaji, na mwenye ukumbi hujiona ametimiza wajibu akiweka meza mbili kwenye kona na kibao juu yake. Miongozo ya mkataba huo, iliyokubaliwa mwaka huohuo wa 2007, inasema wazi kwamba hakuna kiwango salama cha moshi wa sigara ya mtu mwingine, na kwamba kupitisha hewa au kutenga vyumba vya wavutaji hakumlindi mtu. Mtu aliyewahi kucheza karibu na kona hiyo hahitaji kuambiwa. Moshi hausomi vibao.

Hapa naomba niseme jambo la Dodoma hasa, kwa kuwa sijaliona likisemwa popote. Kumbi zetu nyingi ziko wazi pande mbili au tatu, kwa sababu ya joto, na kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo hufanya kazi ambayo sheria imeshindwa kuifanya. Lakini kuanzia Juni hadi Julai upepo wa usiku hapa huwa mkali na wa baridi, na wenye kumbi hushusha maturubai pande zote ili wateja wasikimbie. Mwanzo wa kipindi hicho ndio pia mji unapokuwa umejaa kuliko wakati mwingine wowote, kwani Bunge la Bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni, na pamoja nalo huja wageni, madereva, maofisa, waandishi wa habari na bendi zinazowafuata. Ukumbi uliokuwa na watu 60 Februari, wenye hewa ya kutosha, Juni unakuwa na watu mara mbili yake ndani ya maturubai yaliyofungwa. Mwenzangu wa foksitroti mwenye pumu haonekani kabisa miezi hiyo. Wahudumu wa kaunta hawana uwezo wa kutoonekana. Wao wako pale kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi usiku mkubwa, na hivyohivyo mpiga tarumbeta na mwimbaji, ambao wanaingiza hewa hiyo kwa mapafu yote ili sisi tupate kucheza. Tunapozungumza juu ya haki ya mteja kustarehe, hawa ndio watu ninaotaka wahesabiwe kwanza.

Shisha nitaizungumzia kwa ufupi. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2016, lakini bado nawasikia vijana wa salsa wakiisifu kwamba ni mvuke wa matunda uliosafishwa na maji. Maji huupoza moshi tu, hayausafishi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtu anayevuta shisha kwa takriban saa moja anaweza kuingiza moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja.

Kuna upande mwingine wa mwenendo wetu ambao unaniuma zaidi, nao ni namna tunavyowatendea wanawake wanaovuta. Wapo. Wanaume huvutia langoni wakipiga soga, na watu hupita na kuwasalimia. Wanawake hujificha nyuma ya vyoo, wawili wawili, mmoja akivuta na mwingine akiangalia njia. Akionekana, kesho yake watu hawatasema habari ya mapafu yake. Watasema habari ya tabia yake, malezi yake, na kwamba hafai kuolewa. Nimewahi kumsikia mwanamume, sigara ikiwa katikati ya vidole vyake, akimweleza mwenzake kwamba hawezi kucheza na mwanamke anayevuta. Alikuwa na haki ya kuchagua mwenzi wa kucheza naye, na nitaendelea kuitetea haki hiyo kwa kila mtu. Lakini haki hiyo aliichukulia kuwa ya kwake tu, na sababu aliyoitoa haikuhusu harufu. Iwapo tunataka wanaovuta wasikie tunachowaambia, ni lazima tuzungumze juu ya moshi pekee, kwa maneno yaleyale kwa mwanamume na mwanamke, na tuache kabisa kuutumia kama fimbo ya kumchapa mtu ambaye tulikuwa na chuki naye kwa jambo jingine.

Vilevile sitaki tuzungumze kana kwamba tumbaku ni kitu cha watu wengine. Kwa treni, Tabora iko upande wa magharibi wa reli hiihii inayopita katikati ya mji wetu, na katika kundi letu wapo watoto wa Urambo, Kaliua na Sikonge ambao ada zao zililipwa kwa tumbaku ya mvuke. Wanakumbuka kukesha kwenye mabani, mabanda ya kukaushia tumbaku, wakichochea kuni, na wanakumbuka kichefuchefu na kizunguzungu baada ya kuvuna majani yenye umande, ugonjwa unaotokana na nikotini kupenya kwenye ngozi. Dada mmoja wa Urambo aliniambia kwamba kila anaponusa moshi ukumbini hukumbuka mikono ya mama yake ilivyokuwa nyeusi na kunata. Alisema hivyo bila kumlaumu mtu yeyote. Na hapa Ugogoni ugoro umekuwa mikononi mwa wazee, wanaume kwa wanawake, tangu zamani, na hakuna aliyeuona kuwa kikwazo cha ngoma. Lakini ngoma za Kigogo huchezwa uwanjani, watu wakiwa katika mistari na duara, kila mmoja na nafasi yake ya hewa. Dansi la kushikana chini ya paa lilileta ukaribu ambao desturi hizo hazikuwahi kulazimika kuuwekea taratibu.

Basi mwaka jana tulikaa kuzungumza. Hatukuita mkutano wa sigara, kwa maana najua nani wasingekuja. Tulikuwa tunapanga utaratibu wa usiku wa rumba, na mama mmoja mstaafu, aliyekuwa muuguzi kwa miaka mingi, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye angependa kuendelea kucheza na kila mtu, ila kifua chake hakimruhusu kucheza na mtu aliyetoka kuvuta muda huohuo. Hakutaja jina. Mzee wa reli, ambaye kila mtu alijua anahusika, alikaa kimya kidogo kisha akamjibu, "Mama, ungeniambia siku nyingi. Mimi nilidhani sichezi vizuri." Maneno yale yalitugusa wote. Kwa muda mrefu mtu huyu alikuwa akikwepwa, na kwa kuwa hakuna aliyempa sababu, alijitafutia sababu mwenyewe, na aliyoipata ilikuwa inamvunja moyo kuliko ile ya kweli.

Tulikubaliana mambo machache, na sitayaorodhesha kama kanuni, kwani hayakuandikwa mahali popote. Sahani za majivu ziliondolewa kwenye meza zote za ndani. Mwenye kuvuta huenda hadi getini, mbali na maturubai, wala si kwenye baraza ambako upepo huurudisha moshi ndani. Akirudi hunawa mikono, na huacha nyimbo kadhaa zipite kabla ya kumwomba mtu wacheze. Wawili wamezoea kuacha koti moja nje na kuvaa jingine, na tofauti yake kwa pua ya mwenzi ni kubwa kuliko nilivyotarajia. La mwisho, ambalo kwangu ndilo lenye uzito, ni kwamba tumeanza kuwafundisha wanafunzi wapya, wake kwa waume, kuombana kwa macho kwanza, na kusema "Seti hii nitapumzika" bila kudaiwa maelezo. Wazee waliona ni mambo ya kigeni. Baadaye wao ndio waliokuwa hodari, kwa kuwa wana macho ya kusoma ukumbi kuliko vijana.

Hakuna aliyefukuzwa. Wawili wameacha kuvuta, na sidai kwamba ni kwa sababu yetu. Mmoja alishauriwa na daktari wake. Nilichokishuhudia kwake kinalingana na yale ambayo wataalamu wa afya husema siku zote: kwamba ndani ya nusu siku kiasi cha kaboni monoksaidi katika damu hushuka na kurudi kwenye hali ya kawaida, na kwamba katika majuma 2 hadi 12 mzunguko wa damu na utendaji wa mapafu huanza kuboreka. Kwa mcheza dansi muda huo ni wa msimu mmoja tu wa mazoezi. Mwezi wa tatu baada ya kuacha alikuwa anamaliza chacha mbili mfululizo na bado ana pumzi ya kuzungumza, na kikohozi chake cha asubuhi kilikuwa kimepungua. Wengine wanaendelea kuvuta, na ninacheza nao kwa furaha wanapokuwa wamefuata utaratibu.

Kwa sasa mjadala uliobaki ni wa muda. Wavutaji wameomba mapumziko kati ya seti yaongezwe kutoka dakika kumi hadi ishirini, kwa hoja kwamba kutembea hadi getini, kuvuta, kunawa na kungoja harufu ipungue hakuwezi kutosha katika dakika kumi, na kwamba wakibanwa watarudi kuvutia barazani. Baadhi ya wenzangu wanaona huko ni kuwazawadia, na kwamba usiku utakatika vipande. Mimi nimewaunga mkono wavutaji. Bendi inahitaji kupumzika pia, wahudumu wanahitaji kufungua maturubai na kuingiza hewa, na dakika ishirini zinamtosha mama muuguzi kuketi na kunywa chai yake bila haraka kabla ya bolero. Tutapiga kura Ijumaa ijayo, kabla Bunge halijaanza na ukumbi haujajaa.